Mwavuli wa Kiangazi

Kosa ninalokusudia kulifichua hapa halina jina moja katika lugha yetu, ingawa nimelikuta katika kila nyumba niliyowahi kukaribishwa. Ni kosa la kupima adabu za wengine kwa kibaba cha nyumbani kwetu, kisha kuwatangaza kuwa wapungufu pale kibaba kinapokataa kujaa. Mwizi hujua kwamba anaiba. Mwenye kosa hili huamini kwamba anafundisha. Ndiyo maana hulitenda zaidi watu wema, na watoto wao hulirithi kabla hawajamaliza kung'oa meno ya utotoni.

Binti yangu alilibeba kosa hili kutoka Morogoro, akalivusha mpaka wa Rusumo bila kulilipia ushuru. Alikuwa na umri wa miaka kumi. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule moja ya Kinyinya, kaskazini mwa Kigali; baba yake alibaki Morogoro kwa sababu ya kazi yake, akiishi na mama yake mzazi, yaani bibi ambaye ndiye aliyemlea mtoto huyu tangu aanze kutambaa. Tulifika masika yakiwa yamepamba moto, muhula wa mwisho wa mwaka wa shule ukianza. Mtoto alikuwa hajui neno la Kinyarwanda, na Kiingereza cha darasani alikijua kwa kiasi cha kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Lakini bibi yake alikuwa amemfundisha jambo moja, akalikaza kama anavyokaza fundo la leso: usitie tonge kinywani mbele ya mtu kabla hujamwambia karibu. Awe jirani, awe mpita njia, awe fundi wa paa aliye juu ya ngazi, mkaribishe. Naye atajibu asante, nimeshiba, hata kama tumbo linamsuta, kisha kila mmoja ataendelea na shughuli yake huku heshima ikiwa imetimia. Hiyo ndiyo elimu aliyokwenda nayo shuleni siku ya kwanza, pamoja na chupa ya maji.

Alirudi amenuna.

"Mama, watoto wa hapa ni wachoyo."

"Umejuaje ndani ya siku moja?"

"Wanakula kama wanafanya mtihani. Wanafunika."

Nikamtaka aeleze. Akaniambia kwamba wakati wa mapumziko kila mtoto hufungua mkebe wake magotini, akainua kifuniko kidogo tu, kama mtu anayechungulia mlangoni, akala haraka na kimya, uso ukiwa ukutani.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilikaa karibu yao. Nikasubiri waniambie karibu."

"Wakasema nini?"

"Wakafunga mikebe, wakaenda kucheza."

Yafaa msomaji aelewe upande wa pili, maana watoto wale nao walikuwa na bibi zao. Katika nchi hii, kwa malezi ya zamani ambayo bado yana nguvu, kula ni jambo la ndani. Mtu mwenye heshima hatafuni barabarani, wala hamtazami mwenzake anapotafuna. Anayekula hujisitiri, na anayemkuta hugeuza macho, kama tunavyogeuza macho tunapomkuta mtu anafunga mkanda. Kumkalia mtoto ubavuni huku ukiuangalia mkebe wake si kusubiri mwaliko. Ni kumkodolea macho. Kwa hiyo siku ile ile, wakati binti yangu alipokuwa akiwahukumu kuwa wachoyo, wao walikuwa wamekwisha kumhukumu kuwa mlafi. Mahakama mbili zilikaa kwenye benchi moja, na kila moja ikatoa hukumu kwa lugha ambayo mshtakiwa hakuielewa.

Kesho yake mambo yaliharibika zaidi. Alipokuwa akirudi nyumbani na watoto wengine, alitoa andazi kwenye karatasi, akalitafuna huku akitembea katikati ya barabara, na kila aliyepishana naye akamkaribisha: mlinzi wa geti, mafundi waliokuwa wakipakua matofali, na mwishowe mama mmoja mtu mzima aliyevaa nguo za kanisani. Huyo naye binti yangu alimnyoshea andazi lenye alama za meno akamwambia, "Karibu, mama." Yule mama alisimama. Akauliza kwa Kinyarwanda huyu ni mtoto wa nani, na watoto wakamjibu kwa furaha isiyo na kificho.

Asubuhi iliyofuata niliitwa na mwalimu wa nidhamu, mwanamke mrefu aliyekulia Uganda, ambaye shule nzima ilimwita Madamu. Kiswahili alikijua kwa namna ya mjini Kigali, na alikitumia bila kukiogopa.

"Mwarimu," alisema, "mutoto yako iko anakula mu njia."

"Alikuwa na njaa, Madamu."

"Njaa si mubaya. Hata mimi niko na njaa sasa. Lakini njaa inangojea nyumba."

"Kwetu tunamshangaa zaidi yule anayejificha ili ale."

Alinitazama kwa huruma. "Basi kwenu munashangaa mingi," alisema.

Mgeni ni kuku mweupe, wahenga walisema, lakini hawakusema ni adha gani kuku huyo huipata watoto wa darasa la nne wanapomgundua. Walimpa jina. Walimwita Karibu. Walimfuata nyuma wakitafuna hewa, mashavu yamefura, na kila mmoja akimnyoshea mwenzake kiganja kitupu: karibu, karibu. Naye, kwa kuwa hakuzaliwa bubu, aliwageukia na kuwaita wachoyo, neno ambalo hawakulijua lakini waliielewa sauti yake. Mchezo wa mpira wa matambara, ambao Morogoro aliucheza mpaka jua likazama na ambao hapa wasichana waliucheza vivyo hivyo, aliutazama akiwa amekaa kwenye ngazi.

Jumapili moja aliniambia bila kulia, na kutolia kwake kulinitia hofu zaidi, "Mama, nirudishe kwa bibi."

Tulipatana. Nilimwambia kwamba mtu haondoki katikati ya muhula kama maji yanayovuja. Angesoma mpaka shule zifungwe. Na siku hiyo, kama bado angetaka kuondoka, ningempeleka mwenyewe kituo cha Nyabugogo nikampandisha basi. Alikubali kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua. Nguo zake alikataa kuzipanga kabatini. Alivaa kutoka kwenye sanduku, akarudisha kwenye sanduku, na sanduku lilibaki wazi miguuni mwa kitanda likinikumbusha kila asubuhi kwamba huenda mwezi wa Julai ungenikuta peke yangu katika vyumba viwili, nikisikiliza redio ya jirani.

Katika darasa lake kulikuwa na msichana mwembamba asiyejua Kiswahili hata cha salamu, wala hakuwa mwepesi wa maneno katika lugha yake mwenyewe. Alijulikana kwa jambo moja tu: mwavuli. Ulikuwa mwavuli wa baba yake, mkubwa, mweusi, wenye ubavu mmoja uliovunjika, na ulimfikia kifuani pale alipousimamisha chini. Baba huyo hakuliamini anga la Kigali. Alimwagiza mtoto aubebe kila siku ya Mungu, na mtoto aliubeba. Masika yalipokuwa yakinyesha, hakuna aliyemcheka. Kiangazi kilipoingia, vumbi jekundu likaanza kupanda na malori ya mchanga, wengi walimcheka. Lakini aliendelea kuubeba, kwa sababu baba hakuwa amesema aache.

Mchana mmoja wa Juni nilikuwa nikipanda mlima kurudi nyumbani, nikiwa na Madamu, ambaye aliishi mbele kidogo ya kwetu. Watoto walikuwa mbele yetu. Nilimwona binti yangu akitoa andazi kwenye karatasi, nikajua kwamba hakuwa na njaa. Alikuwa na ubishi. Mara kwaya ikaanza.

"Ararya mu nzira," waliimba, maana yake anakula njiani. "Karibu ararya mu nzira."

Madamu alivuta pumzi ili aite. Kabla hajaita, yule msichana mwembamba alitoka ukingoni mwa barabara, akaufungua mwavuli, akaushusha juu ya kichwa chake na cha binti yangu mpaka ukawafunika kiunoni. Jua lilikuwa likiwaka kiasi cha kuyayusha lami, nasi tukawa tunatazama mwavuli mweusi ukipanda mlima kwa miguu minne.

Madamu alisimama. "Mvua iko wapi?" aliuliza.

"Sijaiona."

Kutoka ndani ya mwavuli nilisikia sauti ya mwanangu, ya kawaida kabisa, ikisema, "Karibu." Kisha kimya. Watoto wengine nao walinyamaza, kwa sababu hapakuwa na cha kuimbia. Hakuna aibu katika mwavuli.

"Sasa iko anakula ao hakuli?" Madamu alisema.

"Hatuwezi kujua."

Alifikiri hatua kadhaa. "Eeh," alisema hatimaye. "Hapo hata mimi siwezi kusema kitu."

Nyumbani nilimkuta binti yangu amekaa mlangoni akiwa na karatasi tupu mkononi na mshangao usoni.

"Mama, amekula kweli."

"Si ulimkaribisha?"

"Nilisema karibu tu. Mtu akiambiwa karibu anasema asante, nimeshiba. Yeye alichungulia kulia, akachungulia kushoto, akala. Tena alianza na upande wenye sukari."

"Unataka kumwambia nini kesho?"

Alifikiri. "Nataka maandazi mawili," alisema.

Kesho yake, hata hivyo, hakupata nafasi ya kukaribisha. Msichana yule alifika na viazi vitamu vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye kitambaa safi, maana huku pia chombo cha mtu hakirudi kwake kitupu. Walipofika barabarani aliufungua mwavuli, akaushusha, akafungua kitambaa. Neno la Kiswahili alikuwa analo moja tu, lile ambalo darasa zima lilikuwa likilitumia kama jiwe. Akalisema: "Karibu." Mwanangu aliniambia kwamba alitaka kukasirika kwa mazoea, kisha akaona kiazi.

Tangu siku ile mwavuli ulifanya safari zake kila alasiri. Niliuliza wanazungumza nini humo ndani.

"Sijui, mama. Yeye anasema lake, mimi nasema langu, halafu tunacheka."

"Mnacheka nini?"

"Si nimekwambia sijui."

Neno lake la kwanza la Kinyarwanda lilikuwa umutaka, yaani mwavuli, na kwa muda wa juma zima lilikuwa neno lake pekee. Alilitumia kwa mahitaji yote. Alilisema asubuhi kama salamu na jioni kama kwaheri, na alipomtaka mwenzake aliliita kwa sauti kutoka upande wa pili wa uwanja, akiidondosha ile u ya mwanzo kama wenyeji wafanyavyo wanapomwita mtu, na mwenzake aliitika.

Sasa ni tabia ya binadamu kutovumilia pazia. Waliokuwa wakiimba walianza kujiuliza kuna nini ndani. Akaingia mmoja na njugu zake, akatoka ameridhika; akaingia wa pili na kipande cha keki ya nyumbani. Mwavuli ukawa na miguu sita, kisha minane, kisha nikashindwa kuihesabu kutoka nyuma. Binti yangu aliweka sheria, kwa kuwa damu ya bibi yake haipotei bure: anayeingia na chakula husema karibu, na asiyetaka kula hujibu asante, nimeshiba. Mimi nilikuwa nimesimama ubaoni miezi miwili nikijaribu kuwafundisha watoto wa madarasa ya juu adabu za mezani. Siku moja nilimpa mwanafunzi chaki, naye akanijibu kwa matamshi safi kabisa, "Asante, Mwarimu, nimeshiba."

Lakini furaha iliyoshushwa mpaka kiunoni haioni mbele. Kinyinya ni mahali ambapo kila juma nyumba mpya huchomoza, na katika juma la mwisho la muhula fundi mmoja alikuwa amemwaga zege mbele ya geti, akalisawazisha kwa ubao mpaka likang'aa kama uji uliotulia, akaenda kunawa mikono. Mwavuli ulipita hapo. Ulipita katikati kabisa, bila haraka, ukicheka. Fundi aliporudi alikuta nyayo za viatu vya shule zikiingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, zimekanyagana kama za kundi la mbuzi, na maganda ya njugu yakiwa yamepandwa humo kama mapambo.

Alikuja shuleni asubuhi akiwa na ubao wake mkononi. Madamu alimsikiliza, akamwomba radhi, akawaita watuhumiwa wote, akawaamuru wakafagie mbele ya geti lile na kuomba msamaha kwa fundi. Kisha akautwaa mwavuli, akaufungia katika kabati la ofisini kwake.

"Mpaka mwaka wa shule uanze tena," alisema. "Hakuna mvua. Hakuna mwavuli."

Wenye njugu na keki walitawanyika wakishukuru kwamba adhabu ilikuwa nyepesi. Kwa msichana mwembamba haikuwa nyepesi. Mwavuli haukuwa wake, na baba aliyeagiza ubebwe kila siku angeuliza uko wapi jioni ile ile. Binti yangu alimkuta nyuma ya madarasa amekaa chini, mikono mitupu magotini, kama mtu aliyesahau namna ya kuiweka. Hilo alinisimulia baadaye. Wakati wa mapumziko ya mchana alikuja tu kwangu akaniomba maandazi mawili niliyokuwa nimeweka akiba, akaondoka nayo bila kueleza.

Muda si mrefu nilikuwa ofisini kwa Madamu nikikamilisha alama za mtihani, mlango ukabishwa. Aliingia mwanangu. Hakutusalimu kwanza. Aliufunga mlango nyuma yake, akajaribu kitasa kuona kama umefungika, akapita mbele ya meza zetu mpaka dirishani, akavuta pazia. Chumba kikawa na kiza cha sebule ya wazee. Ndipo akaja mezani, akaweka karatasi yenye maandazi mbele ya Madamu, akaishikia kwa mikono yote miwili.

"Karibu, Madamu," alisema.

Kisha akakusanya Kinyarwanda chake chote, ambacho kwa hakika hakikuwa chake bali cha kukaririshwa na mwenzake nyuma ya madarasa muda huo huo, akasema polepole, "Umutaka ni uwa papa we." Mwavuli ni wa baba yake.

Madamu alimtazama, akalitazama pazia, akanitazama mimi. Nilitazama karatasi zangu.

"Nani alikufundisha kufunga pazia?" aliuliza.

"Yeye." Mtoto alionyesha dirisha. Nyuma ya pazia, nje, kilionekana kivuli chembamba kimesimama wima.

"Na karibu?"

"Bibi."

"Na wewe mwenyewe unajua nini?"

Binti yangu alifikiri kwa makini. "Najua kwamba watu wa hapa si wachoyo," alisema. "Wanafunika tu."

Nje kengele iligongwa, miguu ikapita mbio ukumbini, ikaisha.

"Mwarimu," alisema, "uko unaona kitu?"

"Nasahihisha, Madamu."

"Sahihisha."

Nilisikia karatasi ikifunguliwa. Nilisikia andazi likimegwa, na baada ya muda sauti iliyojaa mdomoni ikasema kwa mshangao wa dhati, "Iko na iliki." Kisha funguo za kabati zikalia.

Mwavuli ulitolewa kwa masharti matatu, yaliyotamkwa kwa ukali wote unaowezekana kwa mtu mwenye sukari kwenye kidevu. Usibebe zaidi ya watu wawili. Na ushikwe juu, ili macho yaone njia. Atakayekula na ale akiwa amesimama mahali pamoja, nyuma ya mwavuli, kama mtu mwenye akili. Mtoto aliitikia masharti yote, ingawa sidhani kama alielewa zaidi ya nusu. Alipotoka, sikusikia maneno nje ya dirisha. Nilisikia tu mwavuli ukifunguka.

Shule zilifungwa. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimekwisha kuuliza saa za mabasi, kwa sababu ahadi ya mzazi ni deni hata inapomuuma. Nilimkuta binti yangu amepiga magoti mbele ya sanduku.

"Umekwisha kufunga?" nilimuuliza, nikijitahidi sauti yangu isimame wima.

"Mama, siwezi kwenda."

"Kwa nini?"

"Mwavuli wake ubavu umevunjika upande mmoja. Mtu mmoja hawezi kuushika na kula. Lazima awepo wa kushika upande ule." Alisema hivyo kwa ukavu, kama fundi anayeeleza hitilafu ya mashine, akaendelea na alichokuwa akifanya. Ndipo nilipoona kwamba hakuwa akitia nguo ndani ya sanduku. Alikuwa akizitoa, akizipanga kabatini, fulana juu ya fulana.

Jioni tulimpigia simu bibi yake, aliyekuwa amekwisha kumtandikia kitanda. Bibi hakulaumu. Aliuliza kama mtoto anakula, kama anasali, kama amepata mwenzake wa kucheza naye.

"Nimempata, bibi."

"Anakaribisha watu, huyo mwenzio?"

"Anakaribisha. Ila kwanza anafunika."

Upande wa Morogoro mwanamke alikuwa akikigeuza kibaba chake na kukitazama chini.

"Basi si vibaya," alisema bibi. "Kila mji na chungu chake. Anaitwa nani?"

Jina halisi la rafiki yake alikuwa amekwisha kulijua, lile linaloitwa darasani kila asubuhi. Hakulitumia. Aliikamata simu kwa mikono miwili, akajibu kama anayemwita mtu kutoka upande wa pili wa uwanja:

"Mutaka."